Je, mwajiri analazimika kutuwekea chumba cha watoto kazini?

SWALI: Shikamoo dada. Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha vifungashio Mabibo, Dar es Salaam, shifti ya saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nakaa Mbagala. Likizo yangu ya uzazi inaisha mwezi ujao na mtoto hatakuwa amefikisha hata miezi mitatu. Dada wa kazi niliyemtegemea ameondoka, na mama mkwe yuko Lindi, naye anaumwa. Kiwandani tuko akina mama kumi na mmoja wenye watoto wa chini ya miaka miwili, na sita kati ya watoto hao hawajatimiza mwaka. Tulimwomba meneja atutengee chumba cha watoto, akatujibu kwamba kiwanda si chekechea. Sheria inasemaje? Na tukirudi kuomba, tuombe vipi? – Mama Z., Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kujifungua salama.

Meneja wenu ana ukweli nusu. Sheria ya ajira ya Tanzania haimlazimishi mwenye kiwanda kujenga kituo cha kulelea watoto, na mkimwendea na hoja hiyo mwanasheria wake atawamaliza kwa dakika tano. Nusu ya pili ndiyo hakuisema, labda kwa sababu hajaisoma. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hicho hicho kinachokupa likizo ya siku 84 (siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja), kina maneno mafupi mwishoni ambayo wengi hawayafikii. Mfanyakazi anayenyonyesha, mwajiri lazima amruhusu amnyonyeshe mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ndani ya saa za kazi, mdogo wangu.

Sasa saa mbili hizo utazitumiaje wewe, mtoto akiwa Mbagala na wewe uko Mabibo? Kwenda peke yake, kwa foleni tunayoijua, kunazimaliza kabla hujafungua kifungo cha blauzi. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za kazi saa mbili zimegeuzwa kuwa ruhusa ya kutoka mapema. Mama anaingia saa moja, anatoka saa saba, na kila mtu anahesabu kwamba haki imetekelezwa. Wapo akina mama wanaoupenda utaratibu huo na siwalaumu, unasaidia kuwahi usafiri na kumwahi mtoto kabla hajalala. Lakini kunyonyesha hakumo. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Titi likikaa limejaa saa sita, siku baada ya siku, mwili unaelewa kwamba maziwa hayahitajiki sana na unayapunguza. Baada ya muda mama anasema maziwa yamekata, bibi anashauri uji mwepesi, na mtoto wa miezi minne anaanza kuharishwa na maji ya kikombe kisichochemshwa.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo. Siku 84 ni wiki 12. Kati ya siku utakayorudi kazini na siku mtoto atakayotimiza miezi sita kuna zaidi ya miezi mitatu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwa maneno ya kueleweka miezi hiyo mama wa kiwandani aipitishe vipi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ulinzi wa uzazi, namba 183 wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, kwa hiyo hata kwa kipimo hicho tuko nyuma. Pendekezo namba 191 lililopitishwa pamoja na mkataba huo linasema, pale inapowezekana, pawepo mahali safi pa kunyonyeshea kazini au karibu na kazini.

Ombi lenu lijengeni hapo. Mlipotamka "chumba cha watoto" meneja alisikia bembea, ukuta wenye picha za wanyama na mwalimu anayeimba. Mwambieni kwamba sheria imeshawapa saa mbili na mnachotafuta ni mahali pa kuzitumia. Mazungumzo yakianzia hapo hamuombi hisani. Mnajadili namna ya kutekeleza wajibu ambao tayari ni wake.

Angalia majirani zetu walivyofanya, maana inafundisha. Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu, umeme wa kuchomeka pampu ya maziwa, meza ndogo na viti vya kukalia vizuri, na kisiwe chooni. Muda wa kunyonyesha, ambao hesabu yake ni tofauti na mapumziko ya chakula, hauzidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Kwa hiyo Mkenya ana chumba na saa moja, Mtanzania ana saa mbili na hana pa kukaa. Laiti wabunge wa nchi hizi mbili wangekaa meza moja wakanakiliana!

Hata hivyo karatasi haijengi chumba. Tarehe 7 Agosti 2019, miaka miwili baada ya sheria hiyo, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia bungeni Nairobi na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu siku hiyo hakuwa na wa kumwachia. Akaamriwa atoke nje. Akawaeleza waandishi wa habari kwamba bunge lingekuwa na mahali pa kuwaacha watoto, angemwacha huko. Ikiwa mtunga sheria mwenye mshahara na dereva alikwama hivyo, wewe wa idara ya kufunga mzigo usijione mzembe.

India walikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2017 sheria yao inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na kituo cha watoto, na mama aruhusiwe kumtembelea mwanawe mara nne kwa siku. Ninachokipenda ni kwamba wamehesabu wafanyakazi wote. Wangehesabu wanawake peke yao, mwajiri angejifunza haraka kuajiri mwanamke wa 49 na kuishia hapo.

Kwa meneja atakayesema mambo haya ni ya kisasa mno, mkumbusheni vita kuu ya pili. Huko Portland, Marekani, viwanda vya meli vya Kaiser vilifungua vituo vya watoto mwaka 1943 kwenye malango ya viwanda, vikafanya kazi usiku na mchana kufuata shifti, na mama aliyetoka kazini aliweza kuchukua mtoto pamoja na chakula kilichopikwa tayari cha kwenda nacho nyumbani. Mwenye viwanda alitaka meli zikamilike, na wanaume walikuwa vitani. Mwaka 1945 vita vilipokwisha, vituo vikafungwa. Nadhani hilo linaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote ni lini waajiri hugundua kwamba jambo hili linawezekana.

Turudi Mabibo. Meneja atataka hesabu, na hapa ndipo akina mama wengi huharibu kwa kuahidi makubwa. Wenye watoto wa chini ya mwaka ni sita. Saa mbili mara sita ni saa 12 za kazi kila siku ambazo sheria imeshazitoa mikononi mwake, apende asipende. Mtoto akiwa hatua chache kutoka kwenye mashine, mama akaenda mara mbili nusu saa nusu saa, zinatumika saa sita. Ukiishia hapo inaonekana kiwanda kimepata faida. Lakini walezi wawili wa shifti nzima ni saa 16 za mshahara. Chumba hakijilipi kwa saa za kunyonyesha peke yake, na mkimwambia kinajilipa mhasibu atawaumbua. Tena hiyo hesabu ya nusu saa msiiandike kama ahadi. Haki ni hadi saa mbili, na mtoto wa miezi mitatu hanyonyi kwa kengele.

Faida yake iko kwenye daftari la mahudhurio. Mwambieni afisa rasilimali watu atoe rekodi za mwaka mmoja aangalie mambo mawili. La kwanza, ni wangapi waliojifungua hawakurudi, au walirudi wakaacha ndani ya miezi sita. La pili, ni siku ngapi mashine zilisimama au kuendeshwa na mtu asiyeijua kazi kwa sababu dada wa kazi wa mtu fulani ameamka na kusema anarudi kwao. Kisha amuulize msimamizi mfanyakazi mpya anachukua muda gani kufikia lengo la uzalishaji la mkongwe. Takwimu za kiwanda chenyewe, hata zikiwa za kusikitisha, zina nguvu kuliko za nchi ya mbali ninazoweza kukuandikia hapa. Sijawahi kuona mwenye kiwanda akibadilishwa na huruma. Nimewaona wakibadilishwa na gharama ya kufundisha watu upya kila baada ya miezi michache.

Sasa tenganisheni vitu viwili, maana vikichanganywa hamtapata hata kimoja. Kuna chumba cha kunyonyeshea na kukamulia, na kuna kituo cha kulelea. Cha kwanza ni chumba kidogo chenye kitasa kinachofunga kwa ndani, viti viwili vitatu vyenye migongo, sinki la maji yanayotiririka, sabuni, soketi ya umeme na jokofu ambalo halihifadhi soda za ofisini. Kiwanda kikitaka, hicho kinapatikana ndani ya wiki mbili, kwa gharama ya jokofu na fundi bomba. Kianzeni hicho.

Cha pili kina uzito mwingine. Mara tu watoto wanapoachwa chini ya mlezi, mmeingia kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe. Mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa manispaa yenu ya Ubungo. Mwiteni mapema aje aone eneo, msimfiche mpaka mambo yaharibike. Kwa vichanga msiwe na tamaa ya idadi. Uingereza hawaruhusu mlezi mmoja kuwa na zaidi ya watoto watatu wa chini ya miaka miwili, na kila mtoto wa umri huo lazima awe na nafasi ya mita za mraba 3.5. Kwa vichanga wenu sita hiyo ni walezi wawili na chumba cha mita tano kwa nne na kidogo. Hiyo si kanuni ya Tanzania, ila mtu aliyewahi kubeba vichanga wawili wanaolia kwa pamoja ataikubali bila ubishi. Walezi wawe wamesomea kazi. Kisangara, wilayani Mwanga, kuna chuo kinachofundisha malezi ya watoto wadogo. Tafadhali, msimpe kazi hiyo mfanyakazi mwenzenu aliyepunguzwa idara kwa sababu eti ni mtu mzima na anapenda watoto.

Eneo ndilo linalonitia wasiwasi kwenu. Kiwanda cha vifungashio kina vumbi, wino, viyeyushi na kelele. Chumba kisipakane na eneo la uchapaji wala ghala, kiwe upande upepo unakotoka, na mlango wake ufungukie nje ili moto ukitokea asiwepo mtu wa kupita na mtoto katikati ya mashine. Waombeni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, waje kukikagua kabla ya mtoto wa kwanza kuingia. Na mama anayetoka kwenye mashine avue ovaroli, anawe mpaka kwenye viwiko, ajifunge khanga safi ndipo ampakate mtoto. Kifungu kile kile cha 33 kinamkataza mwajiri kumpa mama anayenyonyesha kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, kwa hiyo wanaoshika wino na viyeyushi waombe kuhamishwa kwa muda.

Nina swali ambalo hamjaniuliza. Mtoto atafikaje Mabibo? Kumpandisha kichanga wa wiki 12 daladala ya alfajiri kutoka Mbagala, imeshonana, watu wanakohoa, halafu kumrudisha alasiri kwenye jua, kila siku ya kazi? Kuna nyakati kituo cha kazini kinasifiwa na watu ambao hawapandi daladala. Kama kiwanda kina basi la wafanyakazi, ombeni viti vya mbele viwe vya wenye watoto. Kama hakina, fikirieni kwa makini kama watoto wa mwaka mmoja na kuendelea hawatakuwa salama zaidi kwenye kituo kilichosajiliwa mitaani kwenu, mwajiri akichangia sehemu ya ada. Kwa kichanga anayenyonya naona kazini ni bora, kwa sababu ya titi. Kwa anayetembea na kula ugali, karibu na nyumbani kwa kawaida kunamfaa zaidi, na mwajiri anaondokana na mzigo wa kuendesha kituo asichokijua. Wakati wa kuandika ombi, watajeni watoto hao kwa makundi mawili.

Kuhusu mchango wenu, kubalini kuchangia, lakini makato ya mshahara yasifanyike bila makubaliano ya maandishi ya kila mmoja. Na kama baadhi yenu ni vibarua, wasiachwe nje ya barua. Aliyeitwa kazini zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yule yule, jumla ya muda wake ikizidi miezi sita, ana haki ya likizo kama wengine.

Mwezi ujao hautasubiri barua zijibiwe, kwa hiyo nikupe la kufanya wewe mwenyewe. Wiki mbili kabla ya kurudi anza kukamua mara moja au mbili kwa siku, kwa mkono au pampu, baada ya mtoto kunyonya asubuhi, uweke akiba. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na Dar es Salaam mchana joto huzidi hapo karibu mwaka mzima, basi usiitegemee hiyo. Kwenye jokofu hukaa hadi siku nne, kwenye friza miezi sita hivi, na kwenye kibebeo chenye barafu hadi saa 24, ndiyo sababu kibebeo kizuri kina thamani kuliko pampu ya bei kubwa. Andika tarehe kwenye kila chombo. Yapashwe kwa kuchovya chombo kwenye bakuli la maji ya moto, yasichemshwe jikoni. Atakayebaki na mtoto afundishwe kumnywesha kwa kikombe kidogo, maana chupa na chuchu yake ni vigumu kuvisafisha vizuri. Alichobakiza mtoto kwenye kikombe kisikae zaidi ya saa mbili, kimwagwe. Ukiwa kazini kamua angalau mara mbili kwa shifti hata kama siku hiyo hutayahifadhi, ili mwili usidhani umeachisha.

Mtoto akiugua, usiombe ruhusa ya kubembeleza. Kifungu cha 34 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo katika mzunguko wa likizo, yaani kipindi ambacho sheria hukihesabia likizo, kwa ajili ya mtoto wake anayeumwa. Kimesema mfanyakazi, hakikusema mama.

Kwa utaratibu, pelekeni ombi kupitia tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwandani, kama lipo kiwandani. Kinachokubaliwa kwenye kikao hupotea meneja akihamishwa. Kikiingia kwenye mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha wafanyakazi husaini na mwajiri, kinabaki. Kwenye barua andikeni mambo kwa mpangilio, mkianza na lililo gumu zaidi kukataliwa: kwanza saa mbili zitekelezwe ndani ya shifti, pili chumba cha kunyonyeshea, tatu majadiliano juu ya kituo au mchango wa ada, na tarehe ya kujibiwa. La kwanza likikataliwa, hilo halina mjadala tena. Mwoneni afisa kazi, na mgogoro unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1 ndani ya siku 60. Akimwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito au uzazi, huko ni kuachishwa isivyo halali na muda wa kulalamika ni siku 30 tu, kwa hiyo asikae nyumbani akilia. Mawili yaliyobaki ni ya kujadiliana kwa subira, na hayo msiyapeleke Tume kwa hasira, mtashindwa.

Jambo moja kabla hamjasaini. Watoto hao kumi na mmoja wana baba zao, na pale kiwandani wapo akina baba ambao wake zao wanafanya kazi kwingine. Tafuteni watano au sita waweke majina yao kwenye barua hiyo hiyo, na mmoja wao, ikiwezekana fundi mitambo ambaye meneja hawezi kumpoteza, awe kwenye ujumbe utakaoingia ofisini.